Jinsi ya kufanya kazi na watengeneza maudhui ili chapa yako ipatikane mtu anapotafuta

Kampuni moja iliyoniita kuisaidia ilikuwa imetoka kulipia video iliyotazamwa mno. Mtengeneza maudhui alikuwa amevaa begi lao la mgongoni, akasimama nalo chini ya bomba la maji, kisha akalifungua mbele ya kamera na kutoa kompyuta kavu kabisa. Video nzuri kwelikweli. Kichwa chake: "SIAMINI MACHO YANGU!!!" Maelezo chini yake yalikuwa emoji tatu na jina la akaunti ya kampuni, basi. Mwezi mmoja baadaye nikaandika kwenye Google "begi la kompyuta lisilolowa". Ile video haikuwepo. Nikaandika jina la begi lenyewe. Haikuwepo pia.

Mtandao wa kijamii humsukumia mtu kitu ambacho hakukiomba, na baada ya siku mbili tatu kimeshapita. Mtafutaji huja mwenyewe na swali lake, na asipokuja leo atakuja mwakani. Mtengeneza maudhui anaweza kukufaa kwa yote mawili, ila hilo la pili halijitokezei lenyewe. Hupangwa kabla kamera haijawashwa, na mimi hulipanga hivi.

Hatua ya 1: Okota maswali kwanza, mtu baadaye

Wengi huanza na orodha ya majina ya watu maarufu. Wewe anza na maswali. Fungua Search Console ya tovuti yako, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha tovuti inavyopatikana kwenye utafutaji, ingia kwenye ripoti ya utendaji, ambayo hukutunzia data ya miezi 16, usome maneno ambayo watu waliandika kabla ya kukuona. Kisha nenda kwa wanaojibu simu na meseji za wateja, uwaombe maswali 20 waliyochoka kuyajibu. Halafu kaa mbele ya kisanduku cha kutafutia, cha Google na cha YouTube, uandike aina ya bidhaa yako polepole, neno kwa neno, uone unavyomaliziwa sentensi. Nakili kila swali lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia.

Hapo utagundua kwamba kampuni na wateja wake hawazungumzi lugha moja. Wale wa begi walikuwa wameandika kila mahali "lenye ustahimilivu wa hali ya juu dhidi ya unyevu". Watu walikuwa wakiandika "begi lisilolowa". Sijaona bado binadamu aliyesimama mvuani akitafuta ustahimilivu dhidi ya unyevu.

Ukishakuwa na orodha, igawe. Kuna maswali unayopaswa kuyajibu mwenyewe kwenye tovuti yako: vipimo, dhamana, utaratibu wa kurudisha bidhaa. Usimlipe mtu kwa hayo. Kuna maswali ambayo jibu lako halitaaminika hata likiwa la kweli: linadumu? Lina thamani ya bei yake? Kati ya hili na lile, lipi bora? Na kuna maswali ya mtu ambaye hata hakujui, ana tatizo lake tu: "kompyuta imeingia maji nifanyeje". Mafungu hayo mawili ya mwisho ndiyo ya watengeneza maudhui.

Sababu yake ni ya kawaida tu: mtu aliyelibeba begi miezi miwili ana kitu ambacho idara yako ya masoko haina. Google nayo inalijua hilo. Desemba 2022, kwenye mwongozo inaowapa wakaguzi wake wa ubora, iliongeza kigezo cha uzoefu kwenye vile vya zamani vya utaalamu, mamlaka na uaminifu: je, huyu anayesema amekitumia kitu anachokisemea? Wakaguzi hao hawapandishi wala hawashushi ukurasa wako kwa mikono yao, lakini mwongozo wanaopewa unaonyesha mfumo unataka kuelekea wapi.

Hatua ya 2: Tazama matokeo yalivyo sasa

Chukua maswali kumi bora, uyatafute kwenye dirisha la faragha ili historia yako isikudanganye. Juu pamejaa video? Unahitaji mtu wa video. Pamejaa makala ndefu za kulinganisha bidhaa? Tafuta mwandishi wa blogu, na usimbebeshe mtu wa video fupi kazi isiyo yake. Pamejaa mijadala ya watu? Hapo usinunue mtu. Ingia mwenyewe, kwa jina lako, ujibu. Wapambe wa kupandikizwa hunuka kutoka mbali.

Kazi ya nusu saa. Usiiruke.

Hatua ya 3: Mchague anayepatikana, siyo anayefuatwa

Idadi ya wafuasi inakwambia ni wangapi waliwahi kubofya kitufe. Haikwambii kama mtu huyo anaonekana pale swali linapoulizwa. Kwa hiyo fanya kinyume: tafuta maswali yako kumi bila kutaja jina la mtu yeyote, uone ni akina nani wanaojirudia kwenye matokeo. Hao ndio wa kwanza kuwaandikia, hata kama hujawahi kuwasikia. Mara nyingi utakuta ni mtu mwenye wafuasi wachache anayezungumzia jambo moja tu, mwaka hadi mwaka.

Kisha fungua kazi zake za zamani. Mimi hushuka hadi video ya miaka miwili iliyopita na kuyapanga maoni yaanze yaliyo mapya zaidi. Nikiona mtu ameuliza swali wiki iliyopita chini ya video hiyo, najua bado kuna wanaoifikia, na kwa vyovyote hawajaifikia kwa kuiona ikipita. Nikiona maoni yote ni ya siku tatu za kwanza, halafu kimya, najua ninachonunua ni siku tatu.

Mwombe pia picha ya skrini ya takwimu zake zinazoonyesha watazamaji walitoka wapi. YouTube hutenga waliokuja kwa utafutaji ndani ya YouTube na waliotoka nje. Anayekataa kuonyesha hilo, mshukuru, uagane naye kwa heri.

Kwa mwandishi wa blogu, soma makala zake tano za mwisho. Kama moja inasifu begi, ya pili kamari, ya tatu mkopo wa haraka na ya nne dawa ya kupunguza unene, hiyo siyo blogu, ni ubao wa matangazo. Jina lako likipachikwa hapo halitakufaa kitu.

Hatua ya 4: Maliza habari ya viungo kabla ya habari ya malipo

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza wazo la kuhesabu kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama aina ya kura. Wazo hilo likaijenga Google, na bila kukusudia likazaa soko la kura. Tangu hapo Google imekuwa ikipambana na soko hilo. Mwaka 2005 ikaleta alama ya nofollow, ya kusema "kiungo hiki usikihesabu kama kura yangu". Februari 2011 gazeti la New York Times likaeleza jinsi duka la JC Penney la Marekani lilivyokuwa likitokea juu kabisa kwa bidhaa chungu nzima, likisaidiwa na maelfu ya viungo vilivyopachikwa kwenye tovuti zisizohusiana nazo. Google ikalishusha. Kampuni ikasema haikuidhinisha jambo hilo wala haikulijua, na ikaachana na wakala wake. Lakini aliyeshushwa ni nani? Siyo wakala. Aprili 2012 ukaja mfumo ulioitwa Penguin, wa kukamata michezo ya aina hiyo kwa wingi. Machi 2016 Google ikawakumbusha wanablogu kwamba hata bidhaa ya bure ni malipo. Na Septemba 2019 ikaongeza alama ya sponsored, maalumu kwa viungo vilivyolipiwa.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Ukitoa pesa, bidhaa, safari au punguzo, kiungo kinachokuja kwako kiwekwe alama hiyo kwenye msimbo wake: rel="sponsored", au angalau rel="nofollow". Liandike kwenye mkataba, usilisemee kwenye simu. Na likague siku makala inapotoka: bofya kulia juu ya kiungo, chagua kukagua, usome kama alama hiyo imo. Dakika moja. Kama umemtumia wakala, fanya ukaguzi huo wewe, siyo yeye.

Mteja akisikia hivyo huniuliza papo hapo: basi ninalipia nini? Swali zuri. Unalipia video au makala yenyewe, ambayo inaweza kushika nafasi kwenye matokeo ambayo tovuti yako peke yake isingeishika. Unalipia watu watakaosikia jina lako, kisha kesho waliandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Unalipia uwezekano wa mtu wa tatu, usiyemjua na usiyemlipa, kukutaja kwa hiari yake baada ya kuona. Hicho cha mwisho ndicho kiungo chenye nguvu, na hakina bei. Tukizungumzia YouTube, viungo vilivyo kwenye maelezo ya video tayari vina nofollow, kwa hiyo mjadala wenyewe haupo.

Anayekuahidi "viungo 50 vya nguvu kutoka kwa wanablogu" anakuuzia kesi. Vivyo hivyo anayekukodishia kona ndani ya tovuti maarufu isiyohusiana na biashara yako, ili ubebwe na jina lake. Mchezo huo Google iliutungia sera mahususi mwaka 2024.

Jambo la pili la mkataba ni kutangaza kwamba kazi imelipiwa. Marekani hilo husimamiwa na FTC, tume ya serikali ya biashara, Uingereza na ASA, chombo cha viwango vya matangazo, na nchi nyingi zina chombo chao; fuata sheria za mahali watazamaji walipo. Tangazo liwe mahali pa kuonekana, kwa maneno ya wazi, siyo hashitegi ya mwisho kati ya kumi na tano. Alama iliyo kwenye kiungo huonwa na mashine, tangazo huonwa na binadamu. Yote mawili yanahitajika, na moja halifuti jingine.

Hatua ya 5: Andika maelekezo ya ukurasa mmoja

Zamani niliwahi kumwandikia mtu maneno ya kusema, neno kwa neno. Akayasoma kama mwanafunzi aliyepewa risala. Mtu wa kwanza kutoa maoni aliandika: "Leo umetumwa?" Sijarudia.

Maelekezo mazuri hutaja swali na ukweli, kisha hunyamaza. Haya ndiyo tuliyompa mtengeneza maudhui wa pili wa lile begi, karibu kama yalivyokuwa:

*Swali la kujibu: Je, begi hili huzuia maji kweli, na mpaka wapi?*
*Anayeuliza: mtu anayetembea na kompyuta kila siku, bado hajanunua.*
*Tulichopima: kitambaa hakipitishi maji. Zipu ya mfuko wa mbele hupitisha.*
*Usiseme: "unaweza kulizamisha". Huwezi.*
*Jina: liandikwe hivihivi, neno moja, herufi kubwa moja.*
*Kiungo: ukurasa wa begi hili, siyo ukurasa wa mwanzo.*
*Mengine yote ni yako.*

Mstari wa zipu ulileta ugomvi. Mkuu wa masoko alitaka ufutwe. Nikamwonyesha kwamba watu walikuwa tayari wanatafuta "kasoro za" likifuatiwa na jina la begi lake, na waliokuwa wanawajibu ni washindani. Ukabaki. Na mwenye video alipofika kwenye ule mfuko wa mbele, akatoa karatasi iliyolowa na kucheka, akaonekana mtu mkweli kwa kila kitu kingine alichosema.

Mstari wa jina nao usiudharau. Chapa inayoandikwa namna tatu hutafutwa namna tatu, na huhesabiwa kama vitu vitatu. Mwombe msemaji alitamke jina kwa sauti angalau mara mbili, kisha arekebishe manukuu, yaani maandishi ya maneno yake yanayopita chini ya video: yale yanayotengenezwa na mashine huharibu majina ya chapa ajabu, na wenyewe hawana habari kwa sababu hawayasomi.

Hatua ya 6: Pitia vifungashio kabla ya kuchapishwa

Usiguse maudhui. Kagua kichwa, maelezo na sura (vile vipande vya video vyenye muda na jina), kwa sababu hivyo ndivyo mashine husoma kwanza. Ile video ya mwanzo tulimwomba mwenyewe aibadilishe kichwa. Badala ya "SIAMINI MACHO YANGU!!!" akaandika: "Je, begi hili la kompyuta huzuia maji? Nimesimama nalo chini ya bomba". Swali limo kwa maneno ya watu, na kichekesho chake hakijapotea.

YouTube huruhusu herufi 100 kwenye kichwa na 5,000 kwenye maelezo. Huhitaji kuzijaza. Kichwa kirefu hukatwa kwenye simu, kwa hiyo swali litangulie, na sentensi mbili za kwanza za maelezo ziwe jibu fupi la swali hilo. Kuhusu sura: ya kwanza lazima ianzie 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10. Yule wa pili alizipanga hivi:

*0:00 Begi lenyewe*
*1:10 Dakika tano chini ya bomba*
*3:25 Mfuko wa mbele umelowa*
*4:40 Baada ya miezi miwili*

Kila mstari hapo ni swali la mtu. Mwenye shaka ya zipu anaruka moja kwa moja hadi 3:25.

Kwa makala ya blogu, maneno yanayobeba kiungo yawe ya kawaida: jina la begi, au "vipimo vyake viko hapa". Ukiwalazimisha waandishi kumi wote waandike "begi bora la kompyuta lisilolowa" juu ya kiungo, umejichongea mwenyewe. Kwa Instagram, tangu Julai 2025 machapisho ya hadharani ya akaunti za kitaalamu yanaweza kuingizwa kwenye injini za utafutaji, kwa hiyo maelezo chini ya picha yaandikwe kwa maneno, siyo kwa emoji.

Hatua ya 7: Andaa mahali pa kumpokea

Kosa ninalolikuta kila mara ni kiungo kinachompeleka mtu kwenye ukurasa wa ofa. Ofa inaisha, mtu wa tovuti anaufuta ukurasa, na video inayoendelea kutazamwa kwa miaka inaendelea kuwaangusha watu shimoni. Mpe mtengeneza maudhui anwani ya kudumu. Bidhaa ikiondolewa, elekeza anwani hiyo kwenye inayoifuata.

Ombeni kwenye mkataba haki ya kutumia video kwenye tovuti yenu. Kisha iwekeni kwenye ukurasa unaojibu swali lilelile, na maandishi ya kujitosheleza, kwa sababu kuna anayesoma akiwa kwenye mkutano. Lakini fahamu kwamba tangu mwisho wa 2023 kichupo cha video cha Google huonyesha kurasa ambazo video ndiyo maudhui makuu. Video iliyowekwa chini ya makala ndefu humsaidia msomaji, ila usitegemee ikuletee nafasi ya video. Ukiitaka nafasi hiyo, itengenezee ukurasa wake.

Makala ya blogu usiinakili. Ikibidi uichapishe kwako, basi weka lebo ya canonical, inayoziambia injini za utafutaji kwamba ya asili ni ile ya mwandishi. Nukuu aya moja, umtaje, imetosha.

Hatua ya 8: Pima, na ujue usichoweza kupima

Kabla kazi haijatoka, andika hali ilivyo: maswali yako kumi yanakutoa nafasi ya ngapi, na jina lako linatafutwa mara ngapi kwa wiki. Usipofanya hivyo leo, miezi mitatu baadaye kila mtu kwenye kikao atakuwa na kumbukumbu yake.

Kwenye Search Console tenganisha maneno yenye jina la chapa na yasiyo nalo. Ya kwanza yakipanda wiki ambayo video imetoka, kuna uhusiano. Ya pili huchelewa, na mara nyingine hayapandi kabisa. Viungo vyote vipe alama za UTM, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa anwani, ili ujue nani kaleta nani, moja kwa kila mtu. Utafutaji unaofanyika ndani ya YouTube hutauona kwako, uko kwenye akaunti ya mwenye video. Ndiyo maana mkataba wangu huomba picha za skrini mara tatu: siku ya 30, ya 90 na ya 180. Ukimwomba baada ya kumlipa kila kitu, atakuwa na shughuli nyingi.

Tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuwaonyesha watu wa Marekani majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, naongeza zoezi moja: nayauliza maswali yangu kumi, nasoma jibu, na kuangalia limetegemea kurasa za nani. Siyo kipimo, majibu hubadilika kutoka siku hadi siku. Lakini likirudia kumtaja mtengeneza maudhui fulani ambaye hujawahi kuzungumza naye, umepata jina la kuanzia Hatua ya 3.

Hatua ya 9: Rudi kwenye kazi za zamani

Kila baada ya miezi sita pitia video na makala zote zilizotoka. Bidhaa hubadilika, nazo haziwezi kujibadilisha. Kampuni ya begi hatimaye iliweka zipu mpya kwenye mfuko wa mbele, na ile dakika ya 3:25 ikawa haisemi kweli tena. Video huwezi kuirudia, ila maelezo yake na maoni yaliyobandikwa juu hubadilishwa kwa dakika mbili. Tulimtumia begi jipya, akalimwagia maji, akaandika juu ya maoni yote: "Zipu imebadilishwa, nimelijaribu tena, karatasi ni kavu," na kiungo cha video fupi ya majaribio hayo.